Kadi ya Buluu ya Ujerumani: anza na cheti, viza baadaye

Kadi ya Buluu ni kibali cha kuishi na kufanya kazi ambacho Umoja wa Ulaya ulikianzisha mwaka 2009 kwa wataalamu kutoka nje. Denmark na Ireland hazimo. Ujerumani ndiyo inayozitoa kwa wingi, na Novemba 2023 ililegeza masharti yake.

Nina digrii ya uhandisi ya chuo cha hapa nyumbani. Inatosha?

Peke yake, hapana. Unahitaji mkataba wa kazi wa angalau miezi 6, kazi yenyewe iendane na ulichosomea, na digrii itambulike Ujerumani. Ingia kwenye tovuti ya anabin, utafute chuo chako. Kikiwa na alama ya H+ na digrii yako ikaonekana inalingana na ya kwao, chapisha kurasa hizo uende nazo ubalozini. Kikiwa na H+/-, au hakimo kabisa, unaomba tathmini ZAB, ofisi iliyoko Bonn, kwa yuro 208. Wengi hukwama hapa. Wanahangaikia miadi ya ubalozi miezi na miezi, na cheti hawajakigusa. Mimi ningeshughulikia cheti kabla hata ya kuomba kazi. Daktari ana mlima mwingine: leseni ya udaktari ya huko, inayodai Kijerumani kizuri.

Mshahara uwe kiasi gani?

Mwaka 2025 kiwango kilikuwa yuro 48,300 kwa mwaka. Wahandisi, madaktari, watu wa tehama na fani nyingine zenye uhaba, pamoja na waliohitimu ndani ya miaka 3 iliyopita, walikubaliwa kuanzia yuro 43,759.80. Hizo ni kabla ya makato, na kapera anaweza kukatwa zaidi ya theluthi, kwa hiyo usipige hesabu za kujenga nyumbani mapema. Viwango hubadilishwa kila Januari.

Mimi ni mtengeneza programu, chuo sikumaliza.

Mlango upo. Ukiwa na uzoefu wa kiwango cha msomi usiopungua miaka 3, ndani ya miaka 7 iliyopita, unaweza kuomba. Dai barua za kina kwa waajiri wako wa zamani sasa, kabla kampuni hazijafungwa.

Nikitaka kuhama mwajiri?

Katika miezi 12 ya kwanza unaiarifu ofisi ya wageni, nayo inaweza kusimamisha uhamisho kwa siku 30 na kuukataa. Baada ya hapo uko huru.

Na mke wangu?

Anakuja bila mtihani wa Kijerumani, na anaruhusiwa kufanya kazi yoyote. Wewe usibweteke kwa kuwa ofisini mnaongea Kiingereza: mwenye Kijerumani cha kiwango cha A1 (cha mwanzo) huomba ukazi wa kudumu baada ya miezi 27, mwenye B1 baada ya 21.

Wakala anadai pesa “aninunulie” kadi.

Haiuzwi. Bila mkataba wenye jina lako, hakuna ofisi itakayoitoa.