Mzawa ni Nani? Bomba la Mafuta na Haki



Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Wengi wanauliza: wazawa watapata nini?

Sheria ya Petroli ya Tanzania ya mwaka 2015 inawataka wenye leseni watangulize bidhaa zinazozalishwa au zinazopatikana nchini. Kwa upande mwingine, Shirika la Biashara Duniani lina mkataba wa mwaka 1995 unaokataza kumlazimisha mwekezaji anunue bidhaa za ndani. Hoja yake ni usawa. Lakini Aristotle alikwisha kufundisha kwamba kuwapa sawasawa wasiolingana si haki, na Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio (1967), aliona kuwa biashara huria peke yake haitoshi pale mmoja ana nguvu kupita kiasi. Kwa hiyo tunaona upendeleo huo una msingi.

Tatizo letu liko kwenye neno “zinazopatikana”. Dalali akiagiza vyuma kutoka ng’ambo na kuvirundika bohari, vinapatikana nchini. Sheria imetimizwa, faida ameipata, na kijana wa Tanga hajajifunza kuchomelea hata bomba moja. (Naye dalali ni mzawa!)

Tena, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza 2010, inakataza kubagua kwa uraia. Basi fundi Mganda akija Tanga kwa kazi ya bomba lilelile, tumwite mgeni?