SOMO: KUCHAGUA GOLOLI ZA KINU CHA PIPA

Ukanda wa Bukoba na Muleba ulio kando ya Ziwa Viktoria hupata mvua nyingi, na mvua hiyo huosha rutuba na chokaa iliyomo ardhini. Ndiyo maana udongo wa huko, hasa wa rweya, una tindikali nyingi. Chokaa ya kilimo hupunguza tindikali, mradi iwe imesagwa vizuri: punje zinazozidi milimita 2 hukaa ardhini muda mrefu bila faida, bali unga mlaini huanza kazi mapema.

Chama cha msingi kinachokusudia kusaga mawe ya chokaa kwa kinu kidogo cha pipa sharti kifahamu kwamba kisagacho si pipa, ni gololi zilizomo ndani. Kinu hiki ni ndugu wa karasha la wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Biharamulo na Geita. Pipa linapozunguka, gololi hupanda ubavuni, kisha huporomoka na kuponda mawe.

Kwanza, uzito. Pipa lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa sentimita 40 lina ujazo wa lita 50. Gololi zijaze theluthi yake, yaani lita 17 hivi. Zikiwa za chuma, zitafikia karibu kilo 78. Yakitumiwa mawe, kilo 27. Chuma husaga upesi zaidi, lakini ekseli na mota sharti vihimili uzito huo.

Pili, ugumu. Jiwe la mchanga la Bukoba hupatikana kwa urahisi, lakini humomonyoka. Mchanga wake huchanganyika na chokaa, na vumbi lake hudhuru mapafu. Kioo huvunjika. Risasi ni nzito kuliko chuma, lakini ni laini tena ni sumu, isitumiwe kamwe. Gololi kuukuu za karasha zisinunuliwe, kwa kuwa zaweza kubeba mabaki ya zebaki na ya mbale yenye sumu. Gololi za beringi kubwa zilizochakaa hufaa, kwani chuma kidogo kinacholika hakiharibu udongo.

Tatu, ukubwa. Zichanganywe gololi za sentimita 4 na za sentimita 2: kubwa huvunja, ndogo hulainisha. Mawe ya chokaa yapondwe kwanza kwa nyundo hadi yalingane na punje za buni. Pipa lizunguke kama mara 50 kwa dakika. Likienda kasi mno, gololi hunata ukutani na kusaga hukoma.

Gololi zipimwe kwenye mizani kabla na baada ya kazi. Uzito uliopungua umeingia katika chokaa ya wanachama.

Kabla ya kutoa fedha, halmashauri ipeleke sampuli za udongo kupimwa. Kituo cha utafiti cha Maruku kiko karibu kwa ushauri. Chokaa isiyohitajiwa ni hasara.

Maswali ya mkutano:
1. Kwa nini jiwe la bure laweza kugharimu kuliko chuma cha kununua?
2. Nani atatunza daftari la uzito wa gololi?