"Maada ya Giza" au "Maada Fiche"? Ushahidi kutoka Ngomeni

Makala haya yanahoji ufaafu wa istilahi "maada ya giza", na ushahidi wake yanautoa pwani ya Kilifi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za angani. Kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, iliitwa Uhuru. Ni kinaya kwamba chombo chenye jina letu kilivuma katika fizikia kabla hatujawa na msamiati wa kuyasimulia kiliyoyaona.

Eksirei za angani haziifikii ardhi, angahewa huzimeza. Uhuru ilizipokea kutoka makundi ya galaksi, likiwemo kundi la Coma. Ilibainika baadaye kuwa chanzo chake ni gesi iliyotapakaa baina ya galaksi, yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Gesi ya moto kiasi hicho ilipasa kutawanyika zamani. Ipo basi nguvu ya uvutano inayoizuia, na uzito wa nyota na wa gesi yenyewe ukijumlishwa hautoshi kuizalisha nguvu hiyo. Fritz Zwicky alikwisha kulishuku jambo hili mwaka 1933 alipochunguza mwendo wa galaksi za kundi lilo hilo.

Oktoba 1974 setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, ilirushwa kutoka jukwaa hilo, ikaja kutambua alama ya chuma katika gesi ya kundi la Perseus. Chuma hupikwa na nyota. Mlipuko Mkuu uliacha, kwa uzito, takriban robo tatu hidrojeni na robo heliamu. Uwiano huo unatubana: maada ya kawaida ingalikuwa nyingi zaidi, hidrojeni nzito ingalikuwa haba kuliko ilivyo. Kwa hivyo sehemu kubwa ya kinachokosekana haiwezi kuwa gesi baridi wala nyota zilizozimika.

Hapa ndipo istilahi inapokwama. Giza huziba, maada hii haizibi chochote, nuru huipita kana kwamba haipo. Napendekeza "maada fiche", kwani uhakiki wetu tayari una "maana fiche", iliyopo bila kuonekana. Atakayesema Kiingereza chenyewe kimetaja giza, na ajibiwe kuwa hatulazimiki kuteleza pale kilipoteleza.

Maada ya kawaida ni takriban asilimia 5 ya ulimwengu, maada fiche 27. Zile 68 zilizosalia ni nishati ambayo nayo huitwa ya giza, na hiyo bado sijaipatia neno.