Chapo, Madondo na Till: Lipia Kiamsha Kinywa Kibandani Bila Kupoteza Pesa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwe Umoja, Kayole au Donholm, kibanda cha chai ni kile kile. Sufuria inafuka moshi, mandazi yanaelea kwenye mafuta, na benchi limejaa watu wa mjengo, walimu, wanafunzi na vijana wa boda. Mara makanga anaita, "Tao! Tao! Wawili wa haraka!" Wewe bado una nusu chapo mkononi na hujalipa.

Unatoa simu, unabonyeza nambari, unaweka PIN na kukimbia. Dakika hiyo moja ndiyo somo letu la leo. Ukikosea, wewe unaweza kupoteza pesa ya wiki nzima. Muuzaji akidanganywa, anaweza kukosa pesa ya unga na maziwa ya kesho.

1. Jua unalipa kwa njia gani

M-PESA ilianza Kenya Machi 2007 kama njia ya kutumiana pesa. Lipa na M-PESA ikafuata mwaka 2013, kwa ajili ya biashara. Siku hizi kibandani utakuta nambari za aina tatu, na si kitu kimoja:

- Till. Unaingia Lipa na M-PESA, kisha Buy Goods. Mteja hakatwi ada.
- Pochi la Biashara. Unatumia nambari ya simu ya muuzaji, lakini pesa inaingia kwenye pochi ya biashara, kando na pesa yake ya nyumbani. Mteja hulipa ada sawa na ya kutuma pesa.
- Nambari ya simu ya kawaida. Hapa unatuma pesa kama unavyomtumia ndugu yako.

Tuchukue mfano. Chapo mbili za 20, madondo ya 60 na chai ya 30. Jumla ni shilingi 130. Ukilipa kwa Till, unatoa 130 basi. Ukituma kwa simu au Pochi, unaongeza ada ya shilingi 7, kwa sababu kiasi cha kati ya 101 na 500 kina ada. Kutuma shilingi 100 kushuka chini ni bure.

Saba ni pesa kidogo? Ukila hapo siku 26 kwa mwezi, ni shilingi 182. Hiyo ni kiamsha kinywa kizima na chenji ya 52. Kwa hivyo kabla ya kuketi uliza tu, "Mathe, uko na Till?"

Kama hana, na mnajuana, mnaweza kukubaliana ulipe mara moja Ijumaa. Siku tano za 130 ni 650, na ada yake ni shilingi 13 badala ya 35. Lakini andikeni kila siku kwenye daftari, nyote wawili mkiona. Deni la chai limevunja urafiki mwingi. Ada hubadilika pia, kwa hivyo angalia viwango vya sasa kabla ya kupiga hesabu yako.

2. Soma jina kabla ya PIN

Nambari ya Till iliyoandikwa kwa rangi kwenye mbao hufutika na mvua. Tatu inaweza kuonekana kama nane. Pia, jina la Till mara nyingi ni la mwenye biashara, wala si lile lililoandikwa juu ya mlango. Usikisie. Uliza, "Inasoma jina gani?" Simu ikikuonyesha jina, lilinganishe na jibu ulilopewa, kisha ndiyo uendelee.

Angalia kiasi pia. Kosa linalouma zaidi ni sufuri moja ya ziada: 1300 badala ya 130. Sekunde tatu za kusoma hazitakufanya ukose matatu. Na hata ukiikosa, Jogoo Road haijawahi kukosa nyingine.

PIN iweke mwenyewe. Kwenye benchi mmebanana, kwa hivyo geuza simu kidogo. Mikono ikiwa na mafuta, nawa kwanza. Usimpe mtu simu akuwekee.

3. Ukikosea, fanya hivi

*Umezidisha pesa kwa muuzaji yule yule:* usiondoke. Mwonyeshe meseji hapo hapo. Kumbuka anayekaanga chapo huenda ameajiriwa tu, na simu ya Till iko kwa mwenyewe. Omba apigiwe ukiwa bado upo.

*Umetuma kwa nambari ya simu ya mtu usiyemjua:* sambaza meseji yote ya muamala kwa 456 mara moja. Usikate maneno wala kuongeza yako. Haraka ni muhimu, kwa maana pesa ikishatumika, kuirudisha ni kazi ngumu.

*Umelipa Till isiyo sahihi:* piga huduma kwa wateja ukiwa na meseji mbele yako, utaje nambari ya muamala.

Kwa hivyo usifute meseji za malipo kabla siku haijaisha.

4. Kwa wewe unayeuza

Kuna mteja anayekula vizuri, anasifu chai, halafu anakuonyesha simu yake: "Nimelipa, ona." Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote, na picha ya meseji ya jana inaweza kuonyeshwa leo. Hata meseji ikifika kwenye simu yako, angalia aliyetuma. Ya kweli huandikwa MPESA, haitoki kwa nambari ya kawaida ya simu. Kisha hakikisha salio limepanda.

Wengi hudanganywa kwa sababu simu ya Till iko nyumbani na msaidizi yuko peke yake na wateja kumi. Simu inayopokea meseji za malipo ikae kibandani saa za kazi, ikiwa na chaji. Kumwambia mteja "ngoja kidogo iingie" si dharau. Mteja mwaminifu ataelewa.

Kama unapokea kwa nambari ya kawaida, kuna hatari nyingine: mtu anakula, analipa, kisha akifika stejini anaomba pesa irudishwe akidai alikosea. Till au Pochi la Biashara hukulinda zaidi, na hukusaidia usichanganye pesa ya unga na ya karo.

Na ukipigiwa simu na mtu anayelia kwamba amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie mwenyewe. Angalia salio kwanza. Kama kweli iliingia, mwambie atumie 456 na utaratibu ufuatwe.

5. Mkila wengi

Jumamosi mko wanne, mmeamka saa nne, chai imegeuka kuwa chakula cha mchana. Bili ni 360. Badala ya kila mmoja kumsumbua mathe na malipo yake, mmoja alipe yote kwa Till, na watatu wamtumie 90 kila mmoja. Hakuna ada hata moja, kwa sababu kila mmoja ametuma chini ya 100. Lakini tumeni kabla ya kuinuka. Ile ya "nitakutumia jioni" mnaijua wenyewe.

Salio likiwa halitoshi, simu inaweza kukupa nafasi ya kutumia Fuliza. Ni msaada siku ya shida. Lakini Fuliza ni deni, na pesa itakayoingia kesho italipa deni hilo kwanza. Ukijikuta unafuliza chai kila asubuhi, tatizo si chai tena. Keti na bajeti yako.

Zoezi la leo

Fungua meseji yako ya mwisho ya kulipia chakula. Tafuta vitu vitano: nambari ya muamala, kiasi, jina la aliyepokea, tarehe na saa, na salio jipya. Kisha jiulize: jina hilo ni la yule anayenipikia kweli? Ada nilikatwa ngapi?

Kama huna majibu, kesho asubuhi muulize mathe akikumiminia chai. Ni afadhali kuuliza kabla ya kulipa kuliko kulia ukiwa ndani ya matatu.