Ngege Madume Wanaopigana

Swali: Kwa nini ngege madume katika kidimbwi cha turubai hung'atana mapezi? (Msomaji, Wote, Makueni)

Jibu: Ngege dume aliyekomaa hujitwalia eneo chini ya maji, akamshambulia kila dume anayekaribia. Hushikana midomo na kusukumana. Anayeshindwa, mwili na macho yake hugeuka kuwa na rangi ya giza, naye hujibanza pembeni bila kula. Wakiwa wachache, mbabe mmoja huwatesa wote. Wakiwa wengi, kulinda eneo humshinda. Hata hivyo, kiangazi cha Kitui na Makueni kikipunguza maji, wingi huo huwakosesha hewa. Bora kuwatenga samaki wakubwa kwa wavu, kumwaga chakula pande zote, na kutumbukiza vyungu au vipande vya mabomba vya kujifichia. Mbabe asiyetulia avuliwe mapema.