Ada ya chuo au meza ya pool?

Ndugu zetu, unatuma ada kila muhula, halafu mdogo wako anapiga simu: "Dada, chuo basi, nataka kucheza pool ya kulipwa." Tusimcheke. Tufungue hesabu.

Efren Reyes wa Ufilipino aliujulia mchezo kwenye ukumbi wa pool wa ndugu yake, Manila. Mwaka 2006 akashinda mashindano makubwa ya Reno, Marekani, zawadi dola 500,000. Kijana anaishia kusoma hapo. Sisi tunaendelea: waandaaji hawakuwa na fedha za kulipa zawadi zote kwa mkupuo, wachezaji wakawa wanalipwa kidogo kidogo. Na huyo ni bingwa! Wengi hujilipia nauli, hoteli na kiingilio, wanatolewa mapema, wanarudi mikono mitupu. Mshahara wa mwezi hakuna, labda ukipata mdhamini.

Cheti nacho hakikuhakikishii kazi, tusidanganyane. Ila fundi umeme aliyesoma VETA si lazima awe wa kwanza duniani ndipo alipwe. Hata akiwa wa ishirini mjini kwao, kuna nyumba inamsubiri afunge nyaya.

Kwa hiyo pool usimkataze. Acheze jioni, aandike kwenye daftari kila anachoingiza na kila anachotoa, miezi sita, nauli na viingilio humo humo. Ada lipa moja kwa moja akaunti ya chuo, isipitie kwenye simu yake. Kabla ya kutuma ya muhula unaofuata, aonyeshe matokeo.