Karatasi ya ruhusa inayoeleweka: ninavyoiandika wodini

Karatasi ya ruhusa ina wasomaji wawili: mgonjwa na ndugu zake, na mhudumu wa zahanati atakayempokea akizidiwa. Fomu nyingi humjali huyu wa pili tu. Mgonjwa anarudi nyumbani na ukurasa uliojaa vifupisho kama BD (mara mbili kwa siku) na TDS (mara tatu kwa siku), na hakuna nyumbani anayeweza kuusoma. Mimi huigawa karatasi: juu maelezo ya kitaalamu, chini Kiswahili cha kawaida kwa herufi kubwa.

Kwenye dawa sifanyi haraka, maana huko ndiko watu wanakoumia. Ukiandika "kila saa 8", yupo atakayemeza saa nane mchana na saa nane usiku basi. Naandika saa zenyewe: kidonge 1 saa 12 asubuhi, 1 saa 8 mchana, 1 saa 4 usiku. Dawa mseto ya malaria inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Aliyeanza saa 4 asubuhi namwandikia: ya pili, leo saa 12 jioni. Chini yake naongeza kwamba ameze pamoja na chakula na amalize zote hata akijisikia amepona.

Mstari ambao fomu nyingi hazina ni wa dawa za kuacha. Mgonjwa wa presha anaweza kuwa na amlodipine nyumbani kwenye boksi la jina moja, nasi tukampa ileile kwenye boksi la jina jingine. Akizitumia zote mbili, presha inashuka, anapata kizunguzungu na kuanguka. Kwa hiyo nawaomba ndugu walete mfuko mzima wa dawa kabla ya siku ya ruhusa, tuzipange kitandani pamoja.

Dalili za hatari ziwe za ugonjwa wake. "Ukijisikia vibaya rudi" haimsaidii mtu. Kwa mwenye moyo ulioshindwa kazi naandika: viatu vikianza kubana, ukishindwa kulala bila kuongeza mto, au uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, njoo siku hiyohiyo. Tarehe ya kliniki naiandika pamoja na siku ya wiki, chumba, na vitu vya kubeba.

Kisha nakaa na mgonjwa. Siulizi "umeelewa?", kwa kuwa kila mtu hujibu ndiyo kwa heshima. Nasema, "Bibi, hebu nionyeshe dawa utakayomeza leo usiku." Akisita, narekebisha karatasi papo hapo. Na yule mjukuu anayempimia dawa nyumbani lazima awepo. Maelezo yakipitia kwa mtu mwingine hufika nusu.

Kwa wenzangu wa wodini: anzeni kuijaza tangu siku ya pili ya kulazwa, msisubiri gari limeshafika getini. Sehemu ya juu itaje utambuzi, kilichofanyika, dawa iliyobadilishwa na sababu yake. Majibu ya maabara ambayo hayajatoka yaandikwe waziwazi, pamoja na jina linalosomeka la atakayeyafuatilia na namba ya simu ya wodi.